Daftari Nililoambiwa Nifute

Walinisukumia daftari juu ya meza, wakaweka na chupa ya wino mweusi, wakasema, "Citoyenne Mwamba, futa." Sikufuta. Nawaambia hilo mwanzoni kabisa, batoto bangu, ili asiyependa watu wabishi aweke karatasi hizi chini mapema akatafute kazi nyingine ya kufanya. Mimi sikuzaliwa mpole, na uzee haujanisaidia.

Naitwa Odile Mwamba. Nilifanya kazi ya labo miaka thelathini na moja katika hospitali moja ya hapa Lubumbashi, na miaka mingi kati ya hiyo niliinama juu ya damu ya watoto wenye uvimbe. Sisemi malaria, wala minyoo. Hayo kila mtu anayajua. Nasema uvimbe wa ndani, ule unaoota kwenye ini la mtoto wa miaka miwili, tumbo linajaa upande mmoja, na mama anadhani mwanawe ananenepa. Ninyi mnaoanza sasa mnatia tyubu ndani ya mashine, mnakwenda kunywa chai, mkirudi namba imetoka. Vizuri, sina wivu. Lakini mashine haijui mtoto ni nani, na hapo ndipo nina neno na ninyi.

Sisi hatukuwa na mashine. Tulikuwa na sungura.

Msicheke. Mtoto akiwa bado tumboni mwa mama yake, ini lake linatengeneza protini moja kwa wingi sana. Akizaliwa inashuka, inashuka, na akipita mwaka mmoja na kitu huwezi tena kuiona kwa njia zetu zile. Uvimbe wa ini ukiota, unaanza kuitengeneza upya. Kwa hiyo ukiiona katika damu ya mtoto wa miaka mitatu, kuna jambo. Daktari akiukata uvimbe wote, protini inapungua nusu yake kila baada ya siku tano au sita, mpaka inapotea. Ikirudi, uvimbe umerudi, hata kama tumbo ni laini na mtoto anakula bukari yake, ugali wetu, na kuomba nyingine. Damu inajua kabla ya mkono wa daktari. Hiyo ndiyo kazi yote. Mengine ni kuosha vyombo.

Ila ili uione unahitaji kitu cha kuikamata, na kitu hicho kilitoka Ulaya kwa ndege, kikafika kimeharibika au kisifike kabisa. Mkubwa wangu wa labo, Mzee Saidi, akachoka kungoja. Mzee Saidi alikuwa mtu wa zile familia za Maniema, Mwislamu wa sala tano, mtoto wa mshona nguo, na mikono yake ilikuwa ya fundi kweli. Akajenga vibanda vya sungura nyuma ya labo. Akaomba damu ya kitovu kule wanakojifungulia kina mama, akawachoma sungura kidogo kidogo, juma baada ya juma, mpaka damu yao ikajifunza kuikamata ile protini. Kisha unatoa damu kwenye mshipa wa sikio, unaacha igande, unachukua yale maji ya manjano yanayobaki juu, unayachanganya na yale ya damu ya mtu mzima ili yaache kukamata vitu vingine vyote. Yanabaki na adui mmoja tu.

Hao sungura ndio waliotuletea ugomvi wa kwanza na citoyen Kasongo; siku hizo kila mtu aliitwa citoyen, mwananchi. Kasongo alikuwa mwandishi mkuu wa mafaili ya wagonjwa, na pia mwenyekiti wa seli ya chama pale hospitalini, na kofia hizo mbili alizivaa kwa pamoja hata chooni. Majina ya Kikristo yalipokatazwa nchi nzima, tukaambiwa kila mtu atafute jina la mababu, Mzee Saidi akawapa sungura wake majina tuliyonyang'anywa. Jike mkubwa akaitwa Joséphine, madume wakawa Gaston na Firmin. Siku moja Kasongo akapita nyuma ya labo akasikia Mzee anasema, "Gaston, leta sikio."

"Saidi, juu ya nini hii nyama iko na jina ya mission?"

"Citoyen, sheria inasema bantu. Gaston haiko muntu."

"Na weye mwenyewe, hii jina ya Saidi ilitoka wapi?"

"Ilitoka mu kinywa ya mama yangu," Mzee akajibu, akaendelea kunyoa manyoya ya sikio. Mimi nilijificha nyuma ya pipa nikacheka mpaka machozi.

Sasa sikilizeni jinsi tulivyofanya kazi, maana bila hiyo hamtaelewa kosa langu. Unapika agari, uji wa mwani, unaimwaga juu ya kioo, ikiganda unatoboa vitundu kwa kibomba. Kibomba chetu kilikuwa cha shaba, shemeji yangu alikichonga kule atelier, karakana ya mgodini, wakati wa mapumziko yake. Katika tundu la kati unaweka maji ya damu ya sungura. Katika matundu ya pembeni unaweka ya mtoto: kwanza yenyewe, halafu yaliyopunguzwa makali mara mbili, mara nne, mara nane, unaendelea hivyo. Unafunga kioo ndani ya sanduku lenye kitambaa kibichi, unaondoka. Yale ya sungura na ya mtoto yanatembea polepole ndani ya agari, na yakikutana yanachora mstari mweupe. Mstari ukionekana hata kwenye tundu lililopunguzwa mara thelathini na mbili, protini ni nyingi mno. Ukionekana kwenye tundu la kwanza tu, tena kwa shida, ni kidogo. Usipoonekana popote, mshukuru Mungu wako.

Mwaka wangu wa kwanza nilisoma kioo katika mwezi wa saba, na ninyi mnaijua baridi yetu ya mwezi wa saba, asubuhi majani yanakuwa meupe kule Naviundu. Nilingoja siku moja kama kawaida, nikatazama, hamna mstari, nikaandika "hakuna" na karatasi ikaenda kwa daktari. Siku ya pili Mzee Saidi akachukua kile kioo kabla sijakiosha, akakiweka juu ya kitambaa cheusi, akaleta taa pembeni. Mstari huu hapa, mnene, kama uzi wa kushonea magunia. Kwa baridi ile, damu ilikuwa bado inatembea wakati mimi nimekwisha kuhukumu.

Sikupigwa kelele. Afadhali ningepigwa. Labo ya Mzee Saidi ilikuwa na desturi moja: aliyekosea anapeleka karatasi ya pili mwenyewe, kwa miguu yake, anasimama mbele ya daktari na kusema kwa kinywa chake, "Nilikosea." Haruhusiwi kutuma mtu, wala kuipenyeza chini ya mlango. Nilivuka ule uwanja wa hospitali siku hiyo nikiona kila mgonjwa ananitazama. Daktari alisema aksanti, basi. Lakini tangu siku ile, mwezi wa saba, kioo changu kinalala siku mbili hata waziri akiwa anangoja mlangoni.

Desturi ya pili ilikuwa daftari. Kila mtoto mwenye uvimbe, au aliyeshukiwa nao tu, alikuwa na ukurasa wake: jina, kijiji au kartie ya mjini, siku ya kisu, kisha juma kwa juma, halafu mwezi kwa mwezi, mstari uliishia tundu gani. Mzee alikuwa anasema, "Damu ya leo, uliza damu ya jana." Alisema hivyo mara nyingi mpaka ukamchukia. Na mtoto asipokuja mwezi wake, hungoji. Unachukua kinga, ile baiskeli nyeusi ya labo, unamfuata kwao. Tumefika kartie za Kenya na Katuba hapa mjini, tumefika mpaka vijiji vya njia ya Kasumbalesa tukila vumbi la malori ya shaba.

Basi katika daftari hilo kulikuwa na ukurasa wa mtoto wa kike, miaka mitatu, Hélène Antoine, wa Kasungami. Antoine lilikuwa jina la baba yake; zamani ndivyo walivyoandikisha wengi, jina la ubatizo la mtoto na la baba, basi. Wazazi walikuwa wakulima wa mahindi na lengalenga. Aliingia tumbo limejaa upande wa kulia, mstari unaonekana hadi mara sitini na nne. Daktari wa wakati ule akamkata, na juma kwa juma mstari ukashuka vizuri kabisa: mara thelathini na mbili, mara nane, mara mbili, halafu hakuna. Mwezi uliofuata hakuna. Mwezi mwingine, hakuna. Mimi na mama yake tulikuwa tumeanza kusalimiana kama ndugu. Daktari yule akarudi kwao, akaja mwingine, kijana aliyetoka Kinshasa, mtu mwema na mwenye haraka.

Hapo katikati ndipo majina yalipobadilishwa.

Juma moja ilinifikia tyubu kutoka pavilioni, wodi ya watoto. Karatasi ilisema: Chola Mumba, msichana, miaka mitatu, alikatwa uvimbe wa ini. Mimi hawa watoto nawajua kwa tyubu, uso ni kazi ya pavilioni, na siku ile hakuna mama aliyepita labo. Nikatafuta Chola Mumba kwenye daftari, hayumo. Nikasema huyu mgeni, labda alikatwa kwingine. Nikaweka kioo, siku mbili, nikasoma: mstari hafifu, tundu la kwanza tu. Nikamfungulia ukurasa mpya, nikaandika "hafifu," nikapeleka. Daktari kijana akaangalia kovu, akaangalia neno langu, akafikiri kama ambavyo hata wewe ungefikiri: mtoto amekatwa, protini inaishia ishia, mambo mazuri. Akawaambia warudi baada ya miezi sita.

Mnaona kosa? Mimi sikuliona. Mstari hafifu unaokuja baada ya mstari mnene ni furaha. Mstari ule ule, ukija baada ya kioo kitupu, ni moto umeshika nyumba. Na kioo cha juma lile hakikuwa na jana yake.

Mwisho wa mwezi nikapitisha kidole kwenye daftari kutafuta waliokosa kuja. Hélène Antoine, nafasi tupu. Nikachukua kinga nikaenda Kasungami. Nilimkuta mama yake anapukuchua mahindi mbele ya nyumba, na mtoto mwenyewe amekaa kando anatafuna hindi bichi, mashavu yamejaa, mzima kabisa kwa macho.

"Eh, mama ya labo! Unatafuta nani huku?"

"Natafuta Hélène. Mwezi hii hamukuja."

"Shi tulikuja! Juma mbili zinapita sasa."

"Mama, hamukuja. Daftari iko wazi."

"Tulikuja, nakuambia. Balitosha damu mu mukono, dokta akafurahi, akasema turudi kisha miezi sita."

Nikaegemeza kinga ukutani. Nikamwuliza, "Mulimuandikisha jina gani?"

"Ile mupya. Ku dirisha balisema ya zamani habaikubali tena, na ya baba yake vilevile. Tukamupa ya nkambo yake, muzee ya jamaa. Chola Mumba."

Nikakaa chini, palepale juu ya maganda ya mahindi. Nilitaka kulia na sikulia, kwa sababu yule mama alikuwa ananitazama, na nilikuwa na deni la ile desturi yetu. Ningeweza kusema "dokta alikosea." Ningeweza kusema "ni mambo ya serikali." Nikasema, "Mama Hélène, nilikosea. Ile damu nilisoma peke yake, sikujua ni ya huyu. Ile kitu inarudia."

"Dokta alisema iko muzuri."

"Dokta alisema vile juu ya ile miye nilimuandikia."

Akaweka mahindi chini, akafuta mikono. Kisha akasema, "Weye ndjo ulikosea?"

"Miye."

"Basi weye ndjo utanipeleka." Akafunga kitenge, akamkalisha mtoto mbele yangu kwenye bomba la kinga, yeye nyuma, na nikazipiga pedali hadi mjini nikiwa na watu wawili na kosa langu. Ule mlima wa mwisho nilishuka nikasukuma. Mtoto alikuwa anaimba njia nzima.

Nilipomweleza Mzee Saidi, alikwenda moja kwa moja kwenye sanduku la barafu. Alikuwa na tabia ya kutunza mabaki ya kila damu kwenye barafu, chupa ndogo ndogo zilizofungwa kwa nta. Tukapika agari moja tu, tukaziweka damu za mtoto yule mmoja kwa zamu kuzunguka tundu la sungura: ya kabla ya kisu, ya juma la pili, ya mwezi wa nne, ya juma lile la jina jipya, na ya siku hiyo. Siku mbili nilipita karibu na sanduku lile bila kulifungua, ingawa vidole vilikuwa vinaniwasha. Tulipolifungua, hadithi yote ilikuwa imeandikwa pale. Mstari mnene, kisha uzi, kisha patupu, kisha uzi tena, na ule wa siku hiyo ulikuwa umekaza kuliko wa majuma mawili nyuma. Hata mtu asiyejua kusoma angeelewa kile kioo.

Nikavuka uwanja. Nikasimama mbele ya daktari kijana, nikasema nilikosea, nikamwekea kioo juu ya kitambaa cheusi. Alikitazama akitembeza taa huku na huku, akasoma majina niliyoandika pembeni mwa matundu.

"Lakini hapa kuna watoto wawili," akasema. "Antoine na Mumba."

"Mmoja, dokta. Majina ndiyo mawili."

Uso wake ukabadilika. Hakuwa mjinga. Akasema atamfungua Alhamisi, ila hawezi kuingiza kisu kwenye ini ambalo mwenzake alikwishalikata bila kujua alikata wapi na aliacha nini. Alitaka faili la kwanza, lile la Hélène Antoine, na alilitaka kabla ya Jumatano jioni, maana orodha ya Alhamisi inafungwa hapo, na Alhamisi nyingine ni juma zima la kuuacha ule uvimbe ukue.

Na faili la Hélène Antoine lilikuwa wapi? Kwenye kabati la citoyen Kasongo, lililofungwa kwa kufuli, pamoja na mafaili yote ya majina yaliyokatazwa, "yanangoja kusahihishwa." Yaani wagonjwa mia na zaidi walikuwa wametenganishwa na maisha yao ya jana kwa kufuli moja.

Nilimkuta Jumatano asubuhi. Nikamweleza polepole, kama unavyomweleza mtu mkubwa.

"Citoyenne, ile jina haiko tena mu hii nchi."

"Jina haiko. Mutoto iko. Amekaa ku benchi pale nje."

"Basi alete jina yake ya sasa, nitamupa faili yake ya sasa."

"Ya sasa iko na karatasi moja! Dokta anataka ya kisu."

"Kisha masahihisho."

"Lini?"

"Kisha masahihisho," akarudia, akafungua gazeti.

Sasa hapa nawapa ujuzi ambao hamtafundishwa shuleni. Mtu wa namna hii humshindi kwa kelele, kelele anazila kama karanga. Nilivuta kiti nikakaa mlangoni mwake, mlango ukabaki wazi nami nimeuziba. Watu wakaja kutafuta mafaili, nikawaambia wangoje, citoyen ana kazi na mimi. Foleni ikafika hadi kwenye mabomba ya maji. Saa ya chakula ikapita. Kisha nikatoa karatasi nyeupe na kalamu, nikaziweka juu ya gazeti lake.

"Hii ni nini?"

"Andika tu hapa: miye, citoyen Kasongo, nakatala faili ya mutoto wa miaka tatu mwenye uvimbe mu ini. Weka tarehe. Weka sahihi. Nitapeleka kwa dokta, nitaenda kwangu."

Alitazama ile kalamu kama nimemwekea nyoka. Batoto bangu, mtu wa kofia mbili haogopi Mungu wala daktari, anaogopa sahihi yake mwenyewe. Akakohoa, akatazama foleni, akatoa funguo. "Chukua," akasema, "lakini utajibu." Nikamwambia nimezoea kujibu.

Alhamisi daktari akamfungua yule mtoto. Ulikuwa pale pale ukingoni mwa kovu la zamani, kama faili lilivyoonyesha, uvimbe mdogo kama punje ya maharagwe. Hakuna mkono ambao ungeugusa kutoka nje. Daktari aliniita anionyeshe ndani ya kibakuli, nikatazama, nikatoka nje nikaenda kwa sungura, nikamkumbatia Joséphine nikalia sana. Sioni haya kusema hivyo.

Siku ile ile nilichukua daftari, nikapitisha mstari wa kalamu nyekundu kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine, nikaandika juu ya yote mawili: Hélène Antoine, ndiye Chola Mumba. Kisha nikaanza na wengine. Kila mtoto aliyekuja nikamwuliza mama yake jina la jana, nikaliandika pembeni mwa la leo. Mzee Saidi alisimama nyuma yangu, akanijazia wino.

Wakaniita baada ya siku kumi. Meza ndefu, watu watano wa seli, Kasongo katikati, picha ya rais ukutani. Wakanisomea: nimeingiza majina ya kikoloni katika kitabu cha serikali, kwa wino, kwa makusudi. Kweli tupu, sikukana. Ndipo wakasukuma ile chupa ya wino mweusi.

"Citoyenne Mwamba, futa."

"Nifute nani?"

"Futa majina."

"Nikifuta ile jina, nafuta damu yake ya miezi saba. Ikirudia kesho, nani atajua? Weye, citoyen? Utaenda kuisikia kwa sikio?"

"Huyu mwanamuke iko na kichwa nguvu," mmoja akasema.

"Ndjo ile nilizaliwa nayo," nikamjibu. "Hiyo tu hamujabadilisha."

Nikakunja daftari, nikalitia kwapani, nikatoka nalo. Siku hizo watu walipotea kwa kidogo kuliko hicho, na nilikuwa na watoto nyumbani. Sitawadanganya kwamba sikuogopa. Niliogopa na nikatoka nalo.

Hawakunifunga. Walinitoa kwenye kioo na agari, wakaniweka miaka miwili kwenye meza ya choo: kupokea vikopo vya watu na kutafuta minyoo. Walidhani wananishusha. Lakini hawakufikiri vizuri, maana meza ya choo ilikuwa palepale kwenye dirisha la labo, na anayekaa dirishani ndiye anayeandika jina la kila anayeingia. Mzee Saidi alinisogezea daftari asubuhi ya kwanza bila kucheka hata kidogo, na ile kalamu nyekundu ikiwa ndani.

Sasa sikilizeni siku moja tu ya pale dirishani, nimalize.

Ilikuwa siku ya Hélène. Miezi ishirini na kitu tangu kisu cha pili, na kila kioo chake kilikuwa kitupu, kitupu, kitupu. Alikuwa amekua, ameng'oka meno mawili ya mbele na kuota maneno mengi. Mama yake akamnyanyua afike dirishani. Nikamwuliza kama ninavyomwuliza kila mtu, "Jina?"

"Hélène Antoine na Chola Mumba," akasema kwa sauti ya kuitia mbuzi. "Yote mbili ni miye."

Foleni ikacheka. Nikainua macho kutazama nani anafuata, na anayefuata alikuwa citoyen Kasongo, amevaa abacost yake safi, ile suti isiyo na tai ya watu wa chama, amemshika mkono mwanawe wa mwisho. Mtoto alikuwa anashika tumbo. Nawaambia mapema msihangaike: ilikuwa minyoo, niliiona mwenyewe kwenye kikopo siku ile ile. Ila baba hakujua hayo. Alichojua ni kwamba mwanawe alipimwa kwetu kwa uvimbe wa ini alipokuwa mdogo, kabla ya mambo ya majina, na daktari alikuwa amemwambia aende labo wakalinganishe na ile ya zamani. Alikuwa anakunja na kukunjua karatasi ya daktari. Hofu ya mzazi naijua, na sikumtakia, hata yeye.

"Jina?" nikauliza.

Akatoa jina jipya la mtoto, refu, la mababu. Nikafungua daftari, nikapitisha kidole, nikatikisa kichwa. "Haimo. Huyu mutoto haina damu ya jana."

Akainama dirishani, karibu kabisa, akanong'ona kitu.

"Sema kwa nguvu, citoyen," nikasema. "Masikio yangu inazeeka."

Akatazama nyuma. Foleni yote ilikuwa imetega masikio. Mama Hélène alikuwa amesimama kando na mwanawe mgongoni, naye anangoja kusikia. Yule mtoto wa Kasongo akavuta mkono wa baba yake akasema, "Papa, mwambie."

"Jean-Claude," Kasongo akasema. "Angalia ku Jean-Claude." Akasema kwa nguvu, mpaka kule kwenye mabomba ya maji walisikia.

Nikachukua kalamu nyekundu, nikaandika yote mawili.